Ukiombwa Damu ya Kuhifadhiwa kwa Utafiti, Uliza Pia Nani Analipia Friza

Ukienda kliniki ya kisukari, ya presha au ya wajawazito kwenye hospitali kubwa, si ajabu siku hizi mtu mwenye koti jeupe akakufuata na fomu mkononi. Anaomba damu kidogo, kijiko kimoja au viwili, na karibu na mwisho wa fomu kuna kisanduku cha kuweka alama: unakubali sampuli yako ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye? Nimefanya kazi kwenye maabara za utafiti kwa miaka, nikitoa watu damu na kupanga sampuli zao kwenye friza. Basi ndugu na majirani huniuliza mimi: tukubali au tukatae?

Mimi huwaambia wakubali, ila waulize kwanza.

Sababu ya kukubali naiona vizuri zaidi Kinshasa. Mwaka 1959, mji huo ukiitwa Léopoldville, mwanamume mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa mji huohuo alikatwa kipande cha tezi, kikahifadhiwa ndani ya nta. Virusi vya UKIMWI viligunduliwa 1983. Miaka mingi baadaye, wanasayansi walivikuta virusi hivyo ndani ya sampuli zote mbili. Walipolinganisha chembe zake za urithi, wakaona tofauti kubwa kati ya virusi vya mtu mmoja na vya mwenzake, ishara kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kuenea kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Tungeijuaje historia hiyo kama sampuli zile zingetupwa? Watu wawili ambao majina yao hatuyajui wameusaidia ulimwengu mzima kuelewa ugonjwa uliotumalizia ndugu.

Sasa maswali. Nimekulia pwani, na habari za mumiani nimezisikia tangu utotoni, kwa hiyo anayeuliza damu yake inapelekwa wapi namheshimu. Mjibuni kwa ukweli, ninyi mnaofanya kazi hii. Damu ikifika maabara huzungushwa kwenye mashine mpaka maji yake ya juu yatengane na seli, kisha hugawanywa kwenye vichupa vidogo vingi. Kila kichupa hubandikwa namba au bakodi badala ya jina lako. Orodha inayounganisha namba na jina hufungiwa mahali pengine, na wanaoruhusiwa kuifungua ni wachache. Vichupa huwekwa kwenye friza za nyuzi -80, au kwenye matangi ya naitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake hufika -196. Benki ya sampuli, yaani mahali zinapohifadhiwa kwa tafiti za baadaye, ikiwa makini hugawa sampuli za mtu mmoja katika sehemu mbili ili friza moja ikifa, nyingine ibaki. Hugawa vichupa vidogo kwa sababu sampuli ikiyeyuka na kugandishwa tena na tena huharibika.

Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote, ni nani analipia hiyo baridi. Benki ya sampuli hula pesa kila siku, hata siku ambayo hakuna mtafiti aliyeigusa: umeme, dizeli ya jenereta, naitrojeni, friza ya akiba, fundi, mtu wa zamu anayepigiwa simu saa nane za usiku joto likipanda. Pesa za mradi huja kwa miaka michache, lakini wewe unaombwa ridhaa ya miaka 20 au zaidi. Nimeona friza iliyojaa sampuli za mradi uliokwisha: stika zimebanduka, daftari halieleweki, mtafiti mkuu kahamia kwingine, na hakuna bajeti ya kuzilinda. Ziliishia kuteketezwa. Kila kichupa mle ndani kilikuwa na mtu aliyekunja mkono wa shati akachomwa sindano kwa nia njema, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Wenye uwezo walipangaje? Uingereza wana benki kubwa ya sampuli iitwayo UK Biobank, iliyoandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010. Fedha za msingi zilitoka kwa shirika la hisani la Wellcome Trust, baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo na serikali. Mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuomba, akaeleza utafiti wake na kulipa ada. Kampuni za dawa, Regeneron ikiongoza, zililipia kusoma sehemu za jeni za washiriki, nazo zikapewa muda wa kuzitumia data hizo kwanza kabla hazijafunguliwa kwa wengine. Unaweza kulipenda au kulichukia sharti hilo, lakini lilijulikana.

Kwetu Afrika, mpango wa H3Africa, wa kutafiti urithi na afya za Waafrika, ulifadhiliwa na taasisi za taifa za afya za Marekani pamoja na Wellcome kuanzia 2012 hadi 2022, ukajenga benki tatu: Makerere mjini Kampala, Abuja na Johannesburg. Ilikuwa hatua kubwa, maana sampuli zilianza kubaki barani badala ya kupanda ndege zote. Hata hivyo, naamini serikali zetu zikiendelea kuwaachia wafadhili wa nje bili ya umeme wa friza hizi, uamuzi wa nini kichunguzwe nao utaendelea kutoka nje.

Kuhusu matumizi, soma maneno ya fomu taratibu. Watu wa kabila la Havasupai huko Arizona, Marekani, walitoa damu miaka ya 1990 wakijua inachunguzwa kisukari. Baadaye waligundua imetumika pia kutafiti magonjwa ya akili na asili ya kabila lao. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Kwa hiyo uliza: ni ugonjwa huu tu, au utafiti wowote? Kamati ya maadili, ile inayokagua tafiti ili zisidhuru washiriki, itapitia kila ombi jipya? Sampuli zikisafirishwa nje, mkataba unasema zitakazobaki zirudi au ziharibiwe?

Uliza pia kama utaletewa majibu. Mara nyingi huletewi, maana kipimo cha utafiti si kipimo cha matibabu. Kwa hiyo usiache kwenda kupima kawaida ukidhani watakupigia simu. Na ukibadili mawazo kesho, una haki ya kujitoa na kuomba kilichobaki kiharibiwe, ingawa matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayafutiki. Kukataa kisanduku hicho hakupaswi kukunyima matibabu; mtu akikwambia vinginevyo, ondoka ukamwone mganga mfawidhi.

Nakala ya fomu ni yako, idai. Iweke pamoja na kadi zako za kliniki, na kabla hujaondoka hakikisha namba ya simu ya kamati ya maadili imeandikwa humo na inasomeka.