Mliochagua kitunguu swaumu pori kwa risechi, pitieni hapa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza maabara hapa Arusha naona wengi mmekuja na topiki ya kitunguu swaumu pori, mimi kilinila semista nzima so ngoja niwaambie.

Ile alisini, kemikali ya salfa inayoua bakteria, waliyoitoa wanakemia Cavallito na Bailey 1944 kwenye kitunguu swaumu cha kawaida, haipo kwenye kitunguu kizima. Ndani kuna aliini (malighafi yake) imekaa kwake na enzaimu ya kuigeuza imekaa kwake, ukitwanga ndo vinakutana, alisini inatengenezwa na harufu inatoka hapo hapo. Sasa mimi kwa ujanja wangu nikachemsha vitunguu kwanza "niue wadudu" ndo nikasaga, enzaimu ikafa na moto, nikabaki na supu. Twanga kikiwa kibichi, subiri kama dakika 10, halafu pima mapema maana alisini haikai.

Na kile cha maua ya zambarau kwenye bustani za watu ni Tulbaghia violacea, kwao kusini mwa Afrika, kinanuka swaumu ila salfa zake nyingine, kinatoa marasmisini, so usiandike alisini kwenye proposo kisa pua yako. Ng'oa mmea mzima na maua yake, ukandamize kwenye magazeti, upeleke hebaria ya taifa (wanapotunza mimea iliyokaushwa na kuitambua jina), si ipo hapa hapa Ngaramtoni. Msiamini pua, Ulaya watu wamekufa kwa kula majani ya Colchicum, mmea wa sumu, wakidhani ni Allium ursinum, swaumu pori ya kwao, kwa sababu harufu ikishashika vidoleni kila jani unaloshika linanuka swaumu.

Halafu petri, ile sahani ya kuoteshea bakteria, unaweka juu yake diski ya karatasi iliyolowa dawa uliyokamua kwa ethanoli. Siku nimefungua inkubeta nakuta duara safiii lisilo na bakteria kuzunguka diski, nikapiga picha nikamtumia mama, akaanza kuniita daktari. Msimamizi akauliza kitu kimoja tu, diski ya ethanoli tupu iko wapi? Sikuwa nayo. Kurudia, ethanoli peke yake ikachora duara karibu lile lile, nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi diski naziacha zikauke kabisa na ya ethanoli haikosi.

Na duara hata likiwa la kweli hiyo ni sahani, siyo mgonjwa. Jirani akikuuliza kama aache dozi ya hospitali ale swaumu mwambie asithubutu, na hata kuchanganya ni hatari, vidonge vya swaumu vilishaonekana kushusha kiwango cha sakwinavia, dawa ya VVU, kwenye damu.

Ah na glavu vaeni mbili, mimi nimepanda daladala ya Tengeru konda ananiuliza dada hilo pilau liko wapi.