Usipake vanishi juu ya gundi mbichi! Jibu kwa dada wa vikadi vya Krismasi

Dada, simamisha kazi hiyo kwanza. Umesema una oda ya vikadi vya zawadi vya Krismasi: manila chini, kipande cha kitenge juu, ukanda wa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, na shanga za karatasi kwenye kamba. Umesema utabandika, utapaka rangi na kupiga vanishi ya mbao usiku mmoja, alfajiri uvifunge mafungu mafungu, gari la kwanza livipeleke Kampala. Halafu ukauliza kamba ipi inafaa, uuze bei gani, na kama vanishi ile ya kopo itang'aa vya kutosha. Itang'aa, ndiyo. Itang'aa usiku ule ule, na hapo ndipo hatari ilipo, maana utadhani kazi imekwisha kumbe chini yake gundi bado ni maji matupu.

Nisamehe kwa ukali. Mpango kama huo ulikula oda yangu nzima, na sitaki uile yako.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja anayeoka keki za Krismasi hapa Jinja. Alitaka kikadi kwenye kila boksi, kimeandikwa jina la familia itakayopelekewa, na alilipa nusu mapema. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye mafunzo ya kazi za mikono, mafunzo ya kulipia. Mkufunzi alisimama mbele yetu ameshika kopo la vanishi, akasema vanishi ni vanishi, kina mama wa shanga za karatasi wanaitumia siku zote na shanga zao zinauzwa hadi ng'ambo, ninyi mnahangaika na nini? Tukaandika kwenye madaftari. Nami nikafanya kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua.

Sasa tazama shanga zenyewe zinavyotengenezwa. Nenda pale Acholi Quarter, Kampala, au kwa kina mama wowote wanaozifanya. Karatasi ya jarida au bango kuukuu inakatwa pembetatu ndefu nyembamba, inaviringishwa kwenye sindano kuanzia upande mpana, na mwishoni ncha inashikwa kwa gundi kidogo. Zikishakauka zinatungwa kwenye waya au uzi, zinaingia kwenye vanishi, kisha zinaning'inizwa. Kila shanga imezungukwa na hewa pande zote. Vanishi ile ya mafuta hukauka kwa hatua mbili: kwanza tapentaini inayoiyeyusha inaruka, halafu mafuta yaliyobaki yanakamata oksijeni ya hewani na kuwa magumu. Palipo na hewa inakomaa vizuri. Kikadi kimelala mezani, gundi imeenea chini ya kitambaa upana wote, kisha kinabanwa na wenzake kwenye fungu. Hewa iingilie wapi?

Na gundi nyeupe ina njia moja tu ya kukauka: maji yake yatoke. Ama yaende hewani, ama yanywewe na karatasi. Ukiifunika kwa vanishi ya mafuta umeziba mlango wa juu. Maji yanashuka kwenye manila, manila inalainika na kujikunja, kitenge kinabaki kinateleza juu ya uji mweupe usioonekana.

Asubuhi vikadi vyangu vilikuwa vya kupendeza. Uso mkavu, hauning'ang'anii kidole. Nikavipanga, nikavifunga kwa uzi, nikavitia boksini. Mama alipofungua siku chache baadaye, kila fungu lilikuwa tofali moja. Alipovuta kikadi cha juu, uso wake ulibaki mgongoni mwa cha chini. Nyota ya kitenge ilikuwa imechunika nusu, nyuzi nyekundu zimeganda kwenye karatasi nyeupe ya mwenzake. Palipokuwa na lubugo pameota vidoa vya ukungu, vya kijivu, vidogo kama ncha ya sindano. Rangi ya kitenge, ambacho hakuna aliyetuambia tukifue kwanza, ilikuwa imetambaa hadi ukingoni, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino yamevimba hata hayasomeki. Halafu harufu! Boksi zima linanuka tapentaini, na hivi ni vikadi vya kukaa ubavuni mwa keki ya zabibu. Mama hakugomba. Alisema "Hapana, mwanangu," akalisogeza boksi upande wangu wa meza.

Nilirudisha fedha yake, tena nikaenda kununua vikadi vya kiwandani kwa fedha yangu mwenyewe ili boksi zake zisiende bila jina. Nguo za watoto za sikukuu zilikuwa ndani ya fedha ile.

Yule mkufunzi nilimpigia simu. Unajua alinijibu nini? Kwamba huenda nilipaka nyingi. Mtu anachukua ada za watu, anawapa nusu ya maarifa, kisha kosa linakuwa la mwanafunzi! Alihitaji kuongeza sentensi moja tu: hii inafaa shanga kwa sababu zinakauka zikiwa zimening'inia, na gundi yake imekauka kwanza. Hilo angelisema kabla hata hajafungua kopo. Na wenye video za kufundisha mtandaoni nao wana lao. Wanakata pale pa kusubiri. Unaona brashi inapita, mara kikadi kimekauka, kamba imefungwa, muziki unalia. Wengi wao wako katika nchi ambazo Desemba nyumba zinapashwa joto na hewa ya ndani ni kavu kabisa. Huku kwetu ukanda wa ziwa, mvua za pili zinaanza Septemba na kutufuata hadi Desemba inapoingia. Nguo iliyoanikwa asubuhi inaingizwa ndani jioni na ubichi wake. Gundi ndiyo itakuwa na haraka?

Kwa hiyo shika hili, hata ukiacha mengine yote niliyoandika: usiweke tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka hadi ndani. Si kukauka uso. Hadi ndani. Rangi chini ya gundi, gundi chini ya rangi, wino chini ya vanishi, yote ni hivyo hivyo.

Utajuaje? Saa haitakuambia, kwa sababu saa ya Soroti wakati wa kiangazi na saa ya Entebbe wakati wa mvua hazilingani. Tumia mkono. Geuza kikadi, weka mgongo wake kwenye shavu lako au juu ya kiganja upande wa nje, kisha weka karatasi nyingine ya aina ile ile ambayo haijaguswa. Cha kwanza kikiwa na ubaridi zaidi, maji bado yanatoka. Tazama pia ukingo: gundi mbichi ina weupe wa maziwa, iliyokauka haina rangi. Ukiona mstari mweupe pembeni mwa kitambaa, rudisha kikadi kambani. Nimesema kambani, si mezani. Toboa tundu mapema, kabla ya kubandika chochote, vitundike kwenye uzi kama hao kina mama wanavyofanya na shanga, hewa ipite mbele na nyuma.

Yule ndugu aliyekujibu kabla yangu, akakushauri uvikaushe kwenye oveni, usimsikilize. Gundi nyeupe ikipigwa moto ikiwa na maji inatoa mapovu, na kitambaa kinainuka vipele. Joto linafaa baada ya kukauka, si kabla. Na hili naomba ulijaribu, kwa sababu ndilo lililonirudisha kwenye kazi. Paka gundi nyembamba mgongoni mwa kitenge kilichofuliwa na kukauka, paka nyingine juu ya manila, uviache mbalimbali hadi vyote viwe vikavu kabisa, havina weupe. Ndipo uviweke pamoja, ufunike kwa karatasi ya kuokea, upige pasi ya joto la wastani. Gundi kavu inalainika kwa joto na kushikana, ikipoa imekaza. Hakuna maji yaliyofungiwa, manila haijikunji, rangi haivuji. Umeme ukikatika, pasi ya makaa inafanya kazi ile ile, ila ifute majivu kwanza na usiibandike mahali pamoja. Kitenge chenye polista kikipata moto mwingi kinanywea, kwa hiyo anza na kipande cha pembeni.

Lakini elewa kwamba gundi hiyo hiyo inayolainika kwa pasi italainika pia ndani ya boksi lililokaa kwenye buti la gari juani. Ndiyo sababu hata vikadi vilivyokauka vizuri havipangwi uso kwa uso. Weka karatasi ya kuokea kati ya kimoja na kingine. Rangi nyingi za akriliki nazo zina tabia hiyo ya kunata zikibanwa pamoja kwenye joto.

Manila nyembamba ya shuleni ni ya kuchorea ramani. Kwa vitu vingi hivi vya kubandika unahitaji nzito, ya kama gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukiikosa, bandika mbili pamoja siku iliyotangulia na uzilaze chini ya vitabu. Ukibandika kitu kizito upande mmoja, bandika karatasi upande wa pili pia, la sivyo kikadi kitajikunja kuelekea kwenye gundi inapokauka.

Lubugo nakupongeza kwa kuufikiria. Watu wananunua karatasi za kuiga magome kutoka nje, na sisi tunao wenyewe, gome la mutuba, Ficus natalensis, lililopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi likatanuka kuwa kitambaa. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Shina likishachunwa hufungwa kwa majani ya migomba ili gome liote tena, kwa hiyo mti uleule unavunwa miaka mingi. Kwenye kazi yetu uzuri wake ni kwamba hauchopoki nyuzi kama kitenge, kwa sababu haukufumwa. Ubaya wake ni kiu. Unakunywa gundi hadi unalowa katikati, na unakauka wa mwisho kuliko vyote. Pale penye ukungu kwenye vikadi vyangu palikuwa ni juu ya lubugo tu. Upige pasi kwa ile njia ya gundi kavu, ukanda mwembamba, basi. Na muulize mteja kwanza: Baganda huwazika wapendwa wao wakiwa wamefungwa lubugo, na japo ni vazi la heshima hata la kutawazwa wafalme, yuko jjajja, bibi au babu, atakayeshtuka kuuona umening'inia kwenye zawadi yake. Mimi naweka kipande kidogo, umbo la nyota, nyuma yake kitenge chenye rangi ya furaha, na hadi leo sijarudishiwa kimoja.

Kuhusu kung'aa: kwa nini uking'arishe chote? Mtu anatakiwa kuandika "Kwa" na "Kutoka kwa". Kalamu ya kawaida haishiki juu ya vanishi. Acha sehemu ya kuandikia ikiwa karatasi tupu. Ukitaka mng'ao, tumia vanishi ya maji, nyembamba, juu ya kitambaa na rangi pekee, na wino wowote uwe umejaribiwa: andika neno kwenye kipande kingine, kiache hadi kesho, pitisha brashi yenye maji. Likitambaa, usilipake kitu. Vanishi ya mbao iache kwenye shanga, na shanga hizo zinunue zikiwa zimeshakomaa. Zinuse. Zikiwa bado na tapentaini, zining'inize nje ya nyumba kwanza, hasa kama zawadi ni chakula.

Na leo, kabla hujashika brashi, mpigie mteja wako wa Kampala. Mwambie nusu ya vikadi itakuja mapema na nusu itafuata, au apunguze idadi. Atanung'unika, mwache anung'unike. Kisha tengeneza kimoja tu, kamili, kuanzia manila hadi kamba, kifunge pamoja na vipande vingine viwili vya majaribio uso kwa uso, weka juu yake kitabu kizito, ukiache hadi kesho kutwa. Vikitengana bila sauti, endelea na oda. Vikitoa hata ule mlio mdogo wa kuchanika, gundi yako haijakauka. Vitundike tena, na uje utuambie hapa hali ya hewa ya kwenu ikoje.