Kuvua kwenye gati ziwa likichafuka: jibu kwa mleta mada wa Kibirizi

Mleta mada umeuliza kama ni sawa kuvua kwa ndoano pembeni mwa gati pale Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, upepo ukivuma, kwa kuwa umesikia samaki aina ya kuhe husogea karibu maji yakichafuka. Ukaongeza kwamba mwezi ujao unaenda Tanga na utavua huko pia. Mkuu, jibu fupi ni usikae kwenye ncha ya gati wala kwenye mawe ya mbele ziwa likiwa hivyo. Naeleza kwa urefu kwa sababu wanaozolewa na maji huwa wanajua kabisa kwamba kuna upepo. Wasichokijua ni jinsi mawimbi yanavyokuja.

Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, upana wa wastani kama kilomita 50, na limelala kaskazini kwenda kusini. Upepo wa kusini wa kiangazi, Mei hadi Septemba, unapata mamia ya kilomita za maji matupu ya kusukuma. Ndiyo maana unaweza kukuta hewa imetulia mwaloni, majani ya miembe hayatikisiki, na bado mawimbi yanaingia. Upepo ulivuma saa nyingi nyuma huko Karema au Kipili, mawimbi ndiyo yanafika sasa. Rasi ya Bangwe inaikinga ghuba ya Kigoma na upepo huo, lakini kadiri unavyotoka ghubani kinga inapungua. Masika ni habari nyingine: upepo wa mvua haudumu, ila unafika ndani ya dakika kumi. Ukiona wingu jeusi limeshuka upande wa Kongo, ubaridi ukakupiga ghafla usoni na upepo ukageuka, kusanya vitu uondoke hapo hapo.

Sasa mawimbi yenyewe. Hayalingani, na hapa ndipo macho yanamdanganya mtu. Ukitazama ukaona makubwa yana mita 1, fahamu kwamba katika kila mawimbi elfu moja hutokea moja linalokaribia mita 2. Ziwani wimbi huja kila sekunde 4 hadi 6, kwa hiyo elfu moja ni kama saa moja na nusu. Huo ndio muda ambao mvuvi wa ndoano hukaa sehemu moja! Kama gati lina ukuta uliosimama wima ni mbaya zaidi, maana wimbi likigonga hurudi, likakutana na linalofuata, na maji ukutani yakapanda karibu mara mbili ya kimo cha wimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usipige hesabu ya mita 2 pale ukutani. Piga ya mita 4.

Kabla ya kufungua begi, simama mbali utazame kwa dakika 20 kamili, kisha uiangalie saruji. Palipolowa pana rangi nzito, na kwenye mashimo madogo ya sakafu maji bado yanang'aa. Jua likiwa kali na vishimo vile bado vina maji, ujue wimbi limepita juu yake muda si mrefu, hata kama wewe hujaliona. Usivuke mstari wa palipolowa, simama hatua kumi kabla ya kuufikia. Palipo na utando wa kijani usikanyage kabisa, hata siku ya shwari. Tena maji ya ziwa yalipanda sana kuanzia 2020 na kufunika sehemu za chini za mialo. Kingo zilizokaa majini hivyo zinaweza kuwa zimeliwa kwa chini huku juu zinaonekana nzima.

Watu hudhani maji ya magotini hayawezi kumwangusha mtu mzima. Maji yanayopita juu ya gati kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, yakikufika magotini, yanakusukuma kwa nguvu ya kama kilo 50. Ni sawa na mtu akutupie mfuko wa saruji kwenye miguu, na chini pana utelezi.

Hatari kubwa kuliko zote ni pale samaki amenasa. Mshipi umekaza, samaki yuko chini ya ukuta, na mvuvi anashuka ngazi mbili tatu ili amfikie kwa mkono. Hapo ameinama, macho yako kwa samaki, mgongo ameupa ziwa. Usishuke! Nunua au suka wavu wa mduara wenye upana wa sentimita 60 hadi 70, uufunge kamba tatu zinazokutana juu, ushushe kutoka pale uliposimama salama. Kama huna, kata mshipi. Usiuzungushe mkononi pia. Upepo ukiwa mkali watu huongeza risasi (kizito cha kuzamisha ndoano) hadi gramu 100 au 150, na mshipi wa milimita 0.40 ukinasa kwenye jiwe halafu ukakatika, risasi ile inarudi kama kombeo. Ukinasa, geuza uso pembeni ndipo uvute.

Miguuni vaa raba zenye soli yenye meno. Kandambili hapana. Gambuti halikuvuti chini kama watu wasemavyo, maji yaliyo ndani hayana uzito ukiwa majini, lakini hutaweza kupiga miguu vizuri wala kupanda nalo. Fimbo ya kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo ngurumo ya kwanza ilaze chini uondoke, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Jaketi la kujiokolea likikosekana, msivue chini ya watu wawili, na muwe na dumu la lita 5 lenye maji robo lita ndani (tupu kabisa linapeperushwa) na kifuniko kilichokazwa, limefungwa kamba inayoelea ya mita 20.

Mtu akianguka, usimfuate majini. Rusha dumu lipite kichwa chake, upande upepo unakotoka, kisha livute mpaka kamba imguse. Lala kifudifudi ukivuta, la sivyo atakuvuta wewe. Aliyeanguka naye asing'ang'anie ukuta, maana kila wimbi litamkwangua kwenye saruji. Aogelee mita 15 au 20 nje, alale chali, apumzike, kisha asogee taratibu kuelekea ufukwe wa mchanga. Wakati huo mwenzake apige 114, Zimamoto na Uokoaji, na aite mtumbwi wowote ulio karibu.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, mrudie bila kukata. Hata akizinduka na kuongea, apelekwe hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo, maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa chache baadaye.

Kuhusu Tanga, kuna jambo ambalo huku hatuna: maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti inapita mita 3, na mwamba uliotembea mkavu saa nne asubuhi unaweza kuwa umezungukwa saa saba. Mawimbi ya bahari pia yana nafasi kubwa kati yake, sekunde 10 na zaidi yanapotoka mbali, hivyo makubwa hukawia na utulivu wa katikati unamvuta mgeni asogee mbele. Kule dakika 20 za kutazama ziwe 30, na waulize wenyeji saa ya maji kujaa kabla hujashuka mwambani.