Kuiandikia bodi ya wakurugenzi kuhusu madudu ya menejimenti: niliyoyapitia

Mleta mada, pole sana. Kama nimekuelewa vizuri, wewe ni mhasibu kwenye kampuni binafsi, umekuta mzabuni mmoja amelipwa mara mbili kwa kazi ileile, ukamweleza bosi wako naye akakujibu "achana nayo, MD (mkurugenzi mtendaji) anajua". Sasa unauliza kama uiandikie bodi au uende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, moja kwa moja. Wachangiaji wengi hapo juu wanakushauri ufungue barua pepe ya jina bandia uwamwagie wajumbe wote kila ulichonacho. Nakuomba usianzie hapo. Nilikuwa mkaguzi wa ndani kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar, nikaiandikia bodi kuhusu zabuni za usafirishaji, kwa hiyo ninayokueleza nimeyapitia.

Kwanza uielewe bodi inavyofanya kazi. Wajumbe hawakai ofisini. Kwenye kampuni nyingi wanakutana mara moja kwa robo mwaka, kila mmoja ana shughuli zake kwingine, na wanachokijua kuhusu kampuni ni kile kilichomo kwenye makabrasha wanayotumiwa kabla ya kikao. Makabrasha hayo yanaandaliwa na menejimenti, yaani na watu walewale unaotaka kuwalalamikia. Mjumbe anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado akapitisha hesabu zilizopikwa miaka nenda rudi, kwa sababu hakuna karatasi iliyomfikia kwa njia nyingine. Hapo Kenya, Imperial Bank ilionekana benki imara kabisa. Mkurugenzi mtendaji wake alipofariki Septemba 2015, kasoro zikaanza kujitokeza, na bodi yenyewe ndiyo ikaenda kueleza Benki Kuu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo benki ikawekwa chini ya usimamizi, na wateja wakabaki nje ya milango iliyofungwa. Kasoro hizo zilikuwa za miaka mingi, na muda wote huo vikao vya bodi vilikuwa vinafanyika.

Kwa hiyo kazi yako ni kuliingiza jambo hili kwenye makabrasha ya bodi bila kupitia mkono wa MD. Kulalamika ni hatua moja tu. Barua ikiishia mfukoni mwa mjumbe mmoja, itazikwa humo. Ikiwekwa kwenye agenda na kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kila mjumbe aliyehudhuria anajua kwamba siku mambo yakilipuka ataulizwa alifanya nini. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni. Muhtasari ndio unaoonyesha kama alijua au hakujua.

Barua ya jina bandia inakwama hapohapo. Mjumbe akiipata anaisambaza kwa menejimenti "kwa maelezo", menejimenti inajibu kwamba ni majungu ya mfanyakazi aliyenyimwa cheo, na mjadala unaishia hapo. Tena mjumbe hana wa kumuuliza swali la pili. Mimi niliandika kwa jina langu na cheo changu. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Kama unahofia usalama wako, wakili anaweza kuandika kwa niaba yako, akawa ndiye anayepokea maswali na jina lako likabaki kwake.

Umwandikie nani? Usimwandikie katibu wa kampuni kwanza, hata kama kanuni zinasema mawasiliano ya bodi yanapita kwake. Kwetu katibu alikuwa anakaa ghorofa moja na MD na likizo yake inasainiwa na MD. Mtafute mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, ambaye kwa kawaida si mtendaji. Majina ya wakurugenzi yamo kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na kampuni ikiwa na ripoti ya mwaka utakuta humo nani yuko kamati gani. Barua yangu niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi yake binafsi, ndani ya bahasha iliyofungwa na kuandikwa SIRI, na katibu muhtasi wake akasaini kwenye kitabu cha dispachi. Nakala nilimpelekea mkaguzi wa nje. Nakala hiyo usiidharau. Mkaguzi wa nje anaweka saini yake kwenye hesabu za kampuni, na akishapata taarifa ya malipo yenye shaka hawezi kujifanya hajaiona.

Sasa barua yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu amekaa na hasira miezi sita, akipata kalamu anaandika kurasa kumi na mbili zenye neno "wizi" kila aya, na katikati anachanganya suala la posho za safari na nani ana uhusiano na nani. Mjumbe wa bodi akifika ukurasa wa pili ameshaamua kwamba huo ni ugomvi wa ofisini. Andika kurasa mbili. Usimwite mtu mwizi. Andika kilichotokea: ankara namba fulani ililipwa tarehe hii kwa vocha hii, ikalipwa tena tarehe ile kwa vocha nyingine, LPO (hati ya kuagiza kazi) ni moja, hati ya kupokea kazi ni moja, waliosaini ni hawa. Kwangu zilikuwa kampuni tatu za malori zilizoshindanishwa kwa zabuni moja. Nilipotafuta kumbukumbu zao BRELA nikakuta anwani ni moja na mkurugenzi mmoja yumo kwenye mbili kati ya hizo, na kazi imekatwa vipandevipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji kibali cha bodi. Hilo la mwisho ndilo lililowaamsha wajumbe, kwa sababu mamlaka yao ndiyo yaliyokuwa yamekwepwa. Angalia na wewe kama malipo hayo yalivuka kiwango cha MD kuidhinisha. Kama yalivuka, liweke kwenye aya ya kwanza.

Kisha omba vitu vinavyotekelezeka. Omba barua iwekwe kwenye agenda ya kamati ya ukaguzi. Omba nyaraka husika zilindwe kuanzia siku hiyo. Na omba uchunguzi ufanywe na mtu ambaye hakuhusika na miamala hiyo wala halishwi na menejimenti. Sherron Watkins wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, alimwonya mwenyekiti wake, Kenneth Lay, Agosti 2001 kuhusu hesabu za kampuni. Kazi ya kuchunguza ikapewa kampuni ya mawakili iliyokuwa imeihudumia Enron kwenye baadhi ya miamala ileile. Majibu yakaja kwamba hakuna sababu ya kuchunguza zaidi, na tarehe 2 Desemba mwaka huo Enron ikaomba ulinzi wa ufilisi. Watkins alipeleka onyo lake kwa mtu mmoja aliyekuwa mwenyekiti na mtendaji mkuu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasisitiza kamati, na ndiyo maana nasisitiza nakala.

Kuhusu ushahidi: hifadhi nakala za nyaraka ulizokuwa na haki ya kuziona kwa kazi yako, na usiondoe hata karatasi moja halisi. Usiingie kwenye barua pepe za mtu mwingine wala kubeba taarifa za wateja. Wakikosa cha kukujibu kwenye hoja, watatafuta kosa la kinidhamu, na hilo ndilo la kwanza watakalolitafuta.

Baada ya barua tegemea ukimya mrefu. Kwangu zilipita wiki nyingi bila neno, kisha nikaitwa na kamati nikaulizwa maswali magumu, mengine ya kunipima mimi kuliko jambo lenyewe. Ukaguzi maalumu ukafanyika. Meneja manunuzi akaondoka, malipo yale yakasimamishwa, na kiwango cha vibali kikabadilishwa. MD alibaki hadi mkataba wake ulipoisha. Mimi nilihamishiwa tawi la mkoani, familia ikabaki Dar, na hatimaye niliacha kazi. Iliniuma sana na bado inaniuma. Lakini madereva waliokuwa wanacheleweshewa mishahara kwa kisingizio kwamba "kampuni haina fedha" walianza kulipwa kwa wakati, na kwa hilo ningeandika tena.

Kwa hiyo jipange kabla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mfanyakazi aachishwe kazi kwa sababu ya kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Ukiachishwa, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Ipo pia Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2015, ila kaa na wakili kabla hujatuma chochote akusomee ni nani unatakiwa kumpa taarifa ili ulinzi wake ukuguse.

Si lazima umalize na bodi ndipo uende TAKUKURU. Kama una dalili za hongo, au MD ndiye mwanahisa mkubwa na bodi ni mke wake na shemeji yake, barua kwa bodi itakuwa kumtahadharisha tu. Kampuni ikiwa ya benki au bima, kuna msimamizi wa sekta. Ikiwa imeorodheshwa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), kuna CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Na kama kuna wanahisa wadogo wasioridhika, hao wana nguvu usiyokuwa nayo: wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kudai mkutano mkuu maalumu, wakurugenzi watake wasitake.

Tuambie mambo mawili: je, kampuni yenu ina kamati ya ukaguzi, na MD ana hisa kiasi gani? Ukijibu hayo nitakuonyesha barua ianzie kwa nani, na rasimu ukiiandika nitumie inbox niipitie, lakini futa majina kwanza.