Jibu: Sindano ya plazma kwa kano ya kisigino

Ndugu, umeuliza kama ukachomwe sindano ya plazma (majimaji yanayochujwa kutoka damu) ya damu yako mwenyewe, maana kano ya kisigino inakuuma miezi sasa. Mimi nakushauri utunze hela yako. Uholanzi, mwaka 2010, wagonjwa 54 waligawanywa kwa kura: wengine plazma, wengine maji ya chumvi, na wote wakafanya mazoezi. Baada ya wiki 24 hakukuwa na tofauti ya maana. Uingereza walipima tena kwa watu 240, sindano halisi na ya kuigiza; matokeo ya 2021 yakawa yale yale.

Chenye ushahidi mzuri zaidi ni kuipa kano mzigo. Simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, jiinue kwa miguu yote miwili, kisha shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma tu. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, halafu seti tatu limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Ndiyo, ni ndefu na inachosha! Maumivu ya kuvumilika yasikutishe, na ukizoea, beba begi lenye uzito. Ila kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa.

Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) iache kabisa hapo, kano inaweza kukatika. Na ukisikia "pa!" ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyo hiyo.