Equity iliamka kabla ya pesa za nje

Wapo wanaodhani pesa za nje ndizo zilizoifufua Equity, benki ya Kenya. Hapana, si wawekezaji wa nje walioifufua. AfriCap, mfuko wa uwekezaji kutoka nje, waliingia 2003, wakati ilikuwa tayari imesimama. Mwaka 1993 ndiyo ilikuwa hoi kabisa: zaidi ya nusu ya mikopo hailipwi, na akiba za wateja zinaliwa kulipia gharama za kila siku. James Mwangi akaingia kusimamia fedha, na kilichobadilika kwanza ni nani anayehesabiwa kuwa mteja. Badala ya mikopo mirefu ya nyumba, wakafuata mkulima wa chai na mama wa sokoni mwenye akiba ndogo. Baadaye gari la benki likawa linafika hadi vijijini kwa siku maalumu, mtu anaweka pesa zake bila kupanda matatu kwenda mjini. Hilo ndilo lililorudisha imani, na benki haina mtaji mkubwa kuliko huo.

Ila tusimpe Mwangi sifa zote peke yake. Mwanzilishi ni Peter Munga, 1984, na Mwangi hakuwa mkurugenzi mkuu mpaka miaka ya 2000. Nimesoma biashara, na kisa hiki tulikichambua darasani.