Shangazi, nivunje akiba ya nyumba nianzishe kampuni?

"Shangazi, nina miaka sita ya kuandika programu kwa kuajiriwa. Usiku, watoto wakilala, nimetengeneza programu yangu ya kupanga miadi ya wagonjwa kwenye kliniki ndogo. Nataka kuacha kazi nifungue kampuni. Wawekezaji wawili wamenikatalia. Imebaki akiba yetu ya kujenga nyumba, na mke wangu nikiitaja tu ananuna siku nzima. Je, hanionei?"

Mwanangu, hakuonei. Akiba hiyo hukuiweka peke yako, na kununa kwake ni jibu tosha. Iacheni ilipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno mteja, sikuliona. Umewaendea wawekezaji, umeinyemelea akiba, lakini hujamwuliza hata daktari mmoja kama atalipa. Anza hapo. Tafuta kliniki tano zinazopanga miadi kwa daftari, ukae mapokezi asubuhi nzima uone wagonjwa wanavyogongana, kisha utaje bei: atakayelipia mwaka mzima kabla programu haijakamilika apunguziwe, na maombi yake yatangulizwe. Watatu wakilipa, umepata mtaji usiodai riba wala hisa. Wakikataa wote, umejua hilo ukiwa bado na mshahara. Ila fedha hizo ni amana. Waandikie tarehe ya kuwakabidhi kazi, na kwamba ukishindwa utawarudishia, na usizile zote kabla ya siku hiyo.

Njia nyingine ninayoiamini ni kufanya kazi za watu huku ukilea yako. Mailchimp, programu ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianza mwaka 2001 kama kazi ya pembeni ya kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti, na wateja wa tovuti ndio walioilisha. Ilipouzwa kwa Intuit, kampuni ya programu za hesabu za fedha, mwaka 2021, kwa takriban dola bilioni 12, haikuwa imepokea fedha za mwekezaji yeyote wa nje. Hatari ya njia hii ni kwamba mteja hukupigia simu, programu yako haikupigii. Zitenge siku zake na uzilinde.

Hapa kwenye mikataba ndipo ninapokuhofia zaidi. Kliniki ikikulipa uitengenezee kitu, mkataba useme wazi kwamba msimbo wa msingi, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ni mali yako, wao wana leseni ya kuutumia. Tena usome mkataba wako wa ajira leo hii, kabla hujalala. Ipo mikataba inayompa mwajiri haki ya kila unachokiandika, hata cha usiku, hasa kama umetumia kompyuta ya ofisi. Ukikuta kifungu cha namna hiyo, mwone mwanasheria kabla hujamwuzia mtu yeyote.

Zipo pia mbinu za kibunifu za kupata fedha. Waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kupangisha vyumba kwa wageni mtandaoni, nao wakiwa wamekataliwa na wawekezaji, waliuza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye sura za Obama na McCain wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2008. Boksi moja dola 40, wakapata kama dola 30,000. Nafaka hazikuwa biashara yao, ziliwanunulia muda tu. Wewe huna haja ya kwenda mbali hivyo: kile kipande cha programu kinachomkumbusha mgonjwa miadi yake kwa ujumbe wa simu, kiuze peke yake, hata kwa vinyozi na mafundi. Ruzuku na mashindano omba, ila usiyapangie bajeti. Kampuni kubwa zinazokodisha seva nyingi huzipa kampuni changa matumizi ya bure kwa muda, na hilo ombi ni la jioni moja.

Kazi usiiache bado. Mwombe mwajiri akupunguzie siku, hata kwa mshahara pungufu. Kisha kaa na mke wako, umwoneshe ni kiasi gani kitapungua nyumbani kila mwezi, na umwombe yeye ataje tarehe ambayo, kama kliniki hazijalipa, utarudi kazini siku zote. Niandikie tena ukishatoka kwenye kliniki ya kwanza.